Bosi mpya ameniharibia kazi niliyoipenda: niache au nivumilie?

SWALI

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, mhasibu katika kampuni binafsi ya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Dar es Salaam. Nina miaka saba hapa, mkataba wa kudumu, na sijawahi kupewa hata barua moja ya onyo. Novemba mwaka jana tuliletewa meneja mpya wa fedha, na tangu hapo sina raha. Ananifokea mbele ya vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Asubuhi anatoa maelekezo haya, jioni anayakana na kuniuliza nani kanituma. Kwenye grupu la WhatsApp la idara anatuma kazi saa tano usiku, kukicha anauliza kwa nini haijafanyika. Kazi ya kuandaa mishahara kaniondolea bila barua wala maelezo. Wakati mwingine ananiambia nipitishe malipo, viambatanisho vitakuja baadaye. Ikifika Jumapili jioni tumbo linaanza kuniuma, na usingizi sina. Mume wangu anasema nivumilie, mabosi wanapita. Rafiki yangu ananishauri niandike barua ya saa 24 kisha niwashtaki CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), eti watanilipa vizuri. Kuna kampuni nyingine imeniita: mshahara umepungua kidogo, mkataba ni wa mwaka mmoja, na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nina mkopo wa SACCOS, bado miezi kumi na minne. Niache au nivumilie? Na je, tatizo ni mimi?"

JIBU

Marahaba, mama. Pole sana kwa hayo unayopitia.

Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukesha. Mtu aliyefanya kazi miaka saba bila barua ya onyo hawi mzembe ndani ya miezi michache kwa sababu tu mtu mwingine amekalia kiti cha meneja. Hilo liweke pembeni. Lakini pia sitakuambia kwamba kila anachofanya bosi wako ni uonevu, kwa sababu katika barua yako kuna mambo ya aina mbili na umeyafunga pamoja.

Bosi mkali unajua anataka nini. Anataka hesabu zifungwe tarehe tano. Zisipofungwa utamsikia, zikifungwa kanyamaza. Humpendi, lakini usiku unalala. Bosi mnyanyasaji ukali wake hauna ratiba. Leo kakufokea kwa kufanya, kesho atakufokea kwa kutofanya. Anakuchagulia hadhira. Anakana maneno yake mwenyewe. Kufokewa mbele ya vijana wako na kukanwa kwa maelekezo vinaangukia huku. Suala la mishahara, kwa maoni yangu, huenda halimo. Nimekaa miaka mingi upande wa waajiri, na ninachokijua ni kwamba meneja mpya wa fedha mara nyingi huanza kwa kuivuta orodha ya mishahara kwake, wakati mwingine kwa agizo la wakurugenzi. Kosa lake ni kutokukueleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anapobadilisha masharti yaliyoandikwa ya kazi yako ashauriane nawe na akupe mabadiliko kwa maandishi. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa barua fupi, isiyo na hasira: majukumu yangu sasa ni yapi? Usiichukue moja kwa moja kama dalili kwamba wanakutoa.

Sasa hilo tumbo la Jumapili. Watu wengi hulionea aibu, wakidhani ni woga au udhaifu wa imani. Ni mwili unaofanya kazi yake. Ukitarajia hatari, mwili humwaga homoni za kukuandaa kupambana au kukimbia: mapigo yanapanda, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Hatari ikiwa na saa yake, mwili hupumzika ikishapita. Ikiwa haina saa, mwili haujui upumzike lini, ndiyo maana simu ikilia saa tano usiku moyo unashtuka hata kama ni dada yako anakusalimia. Kwa wengi, kutokujua lini watafokewa kunachosha kuliko kufokewa kwenyewe.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kufuatilia afya ya watumishi wa serikali ya Uingereza, katika utafiti unaojulikana kwa jina la Whitehall. Walikuwa watu wa ofisini, si wachimba migodi, lakini wa ngazi za chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko wakubwa wao, na sigara na shinikizo la damu havikutosha kueleza tofauti yote. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alitoa hoja kwamba kinachomuumiza mfanyakazi zaidi ni kazi nyingi zikikutana na kukosa kauli juu ya namna ya kuzifanya. Utafiti wa pili wa Whitehall, ulioanza 1985 chini ya Michael Marmot, nao ukaonyesha kwamba waliokosa kauli juu ya kazi zao ndio waliokuwa hatarini zaidi kwa maradhi ya moyo. Nakueleza haya kwa sababu yanabadilisha swali lako. Unauliza kuacha au kuvumilia, kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Kinachokuumiza ni kwamba kauli juu ya siku yako imetoka mikononi mwako. Kwa hiyo hatua za kwanza ni zile zitakazokurudishia kauli hiyo, kidogo kidogo, iwe mwishowe unabaki au unaondoka.

Kabla ya hatua hizo, kuna sentensi umeipitisha haraka kwenye barua yako, nami ndiyo iliyonitisha kuliko zote: "viambatanisho vitakuja baadaye."

Wewe ni mhasibu. Makelele ya bosi yatakwisha siku utakayoondoka pale, lakini saini yako itabaki kwenye vocha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na wakaguzi wa TRA wakija baada ya miaka mitatu hawataulizia nani alikuwa anafoka. Wataulizia nani aliandaa malipo na iko wapi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kama umesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na usajili wako unaweza kuguswa. Tena uko kwenye uwakala wa forodha, na wenye kazi hiyo wanajua ni malipo gani ambayo risiti zake huwa "njiani" siku zote.

Kwa hiyo hapa usisubiri ushauri wa mtu wala mwisho wa mwezi. Kuanzia kesho, malipo yasiyo na viambatanisho yaandae, lakini usiyapitishe kwa neno la mdomo. Mwandikie kwa barua pepe, kwa upole: "Bosi, malipo ya fulani nimeyaandaa. Ankara na risiti ya EFD bado hazijanifikia. Kama ni ya haraka, naomba uidhinishe hapa kwa maandishi ili mkaguzi asije akatusumbua." Angalia hilo neno "akatusumbua". Humtuhumu, unamkinga pamoja nawe. Mwenye nia njema atajibu kwa mstari mmoja. Asiyetaka kuandika ameshakujibu. Na kama unajua malipo yenyewe ni ya uongo, hata akiandika kurasa kumi usiweke saini yako.

Njia hiyo hiyo itumie kwa maelekezo anayoyakana. Akishakuelekeza, mtumie ujumbe mfupi baada ya muda mchache: "Kwa maelekezo ya asubuhi, naanza na madai ya wateja, ritani ya VAT naikamilisha Alhamisi kabla ya tarehe 20. Kama nimeelewa vibaya naomba unirekebishe." Usiongeze kitu. Nimeona mabosi wengi wa aina hii wakipunguza kukana baada ya wiki chache za ujumbe kama huo, si kwa sababu wameokoka, bali kwa sababu kukana kumekuwa na gharama.

Nyumbani weka daftari, lako binafsi. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo. Usiandike "alinidhalilisha sana". Andika alichosema, neno kwa neno, hata kama ni matusi. Sifa na hisia hazimsaidii msuluhishi, tarehe na maneno vinamsaidia. Ila usivuke mpaka: usijitumie mafaili ya kampuni kwenye barua pepe yako, wala usipige picha nyaraka za wateja. Utampa mwajiri kosa la nidhamu ambalo sasa hivi hana, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Je, uzungumze naye? Ndiyo, mara moja, na kwa jambo moja tu. Ukimpelekea orodha ya miezi yote, atashika lile dogo kuliko yote na kulibishia. Chagua la kufokewa hadharani. Usiende siku aliyokufokea, wala Ijumaa jioni. Omba dakika kumi ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, na umwambie kitu kama hiki: "Bosi, nataka idara yako ifanye vizuri. Nikikosea niite unikosoe, nitapokea. Ukinikosoa mbele ya vijana, kesho hawatanisikiliza, na kazi itakayokwama ni yako." Usilie kama unaweza kujizuia, na ukilia usiombe radhi kwa kulia. Halafu nyamaza umsikilize. Inawezekana akakuambia jambo ambalo hukulijua: kwamba wakurugenzi wanambana, au kwamba alipofika aliambiwa wewe ndiye mwenye idara na yeye ni mgeni. Hayo hayahalalishi kukufokea, lakini yatakuonyesha unashughulika na mtu aliyebanwa au mtu anayefurahia. Wa kwanza huweza kubadilika. Wa pili sijamwona akibadilika kwa mazungumzo.

Kuhusu kazi za saa tano usiku: saa za kawaida kisheria ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zinafanywa kwa makubaliano, zikilipwa mara moja na nusu. Kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Watumishi wa ngazi ya umeneja wanaoripoti kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kanuni hizi, ila mhasibu wa kawaida yumo. Sikushauri uende kudai hela hizo kesho. Nakushauri ujue ziko, ili ukizima simu saa tatu usiku na kujibu saa mbili asubuhi "nimeuona ujumbe, naanza nao sasa," usijione mkosaji.

Sasa nije kwa rafiki yako na barua yake ya saa 24. Huyo anakupenda, lakini anakupeleka pabaya.

Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba unataka zaidi. Ukiondoka kwa saa 24, mwajiri anaweza kukata kwenye stahiki zako fedha za siku za notisi ambazo hukuzifanyia kazi. Kwa hiyo hasira ya siku moja inakula mshahara wa mwezi. Lakini si hilo tu. Ni kweli sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri alifanya mazingira yasivumilike. Huyo huhesabiwa kama aliyeachishwa. Wale wanaosema "ukiacha mwenyewe huna haki yoyote" wanakosea. Ila mlango huo ni mwembamba. Kwa kawaida mtu akiachishwa, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Hapa mzigo wa kwanza ni wako: uthibitishe kwamba hukuacha kwa hiari bali ulisukumwa. Na kanuni za mwaka 2007 zinazofafanua sheria hii zinataka uwe umetumia kwanza utaratibu wa malalamiko uliopo kazini, ila kama ulikuwa na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Mpaka leo wewe hujaandika lalamiko hata moja. Ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na barua ya saa 24 pekee, swali la mwanzo litakuwa: ulimwambia nani? Utajibu nini?

Kuna na hesabu ambayo rafiki yako hakukuonyesha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa miaka yako saba ni siku 49. Lakini hulipwa mwajiri anapokuachisha, si unapoacha mwenyewe, labda mkataba wako uwe na kipengele kizuri zaidi. Ukiacha unachukua mshahara wa siku ulizofanya kazi, fedha za likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako na si hisani ya bosi. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi, si aliyeiacha, kwa hiyo pita ofisi yao uulize hali yako kabla ya kuandika barua yoyote, si baada.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na huwezi kuzipita zote. Ukitaka kesi, kaa na uijenge: andika lalamiko rasmi kwa ofisi ya rasilimali watu, ukurasa mmoja, matukio matatu au manne yenye tarehe, na unachoomba kifanyike. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nikuambie ukweli kuhusu ofisi hiyo: haiko pale kukutetea, iko pale kumwepusha mwajiri na matatizo. Barua yako iandikwe namna ambayo wataona tatizo linalokuja ni bosi wako, si wewe. Kama TUICO, chama cha wafanyakazi, wana tawi kazini kwenu, mhusishe kiongozi wao mapema. Na ujiandae: baada ya lalamiko mara nyingi joto hupanda. Huenda ukapewa barua ya kujieleza kwa jambo ambalo zamani lilikuwa linapita. Isaini kwamba umeipokea, kisha ujibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, bila kumtaja mama wa mtu. Ikifika mahali pa kuachishwa, au kulazimika kuacha baada ya kulalamika bila kusikilizwa, kumbuka mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30. Migogoro mingine siku 60. Watu wenye haki kamili wamepoteza kwa sababu walikwenda mwezi wa tatu.

Ukitaka amani, ondoka, ila kwa kalenda yako. Lakini ukishakubali ofa nzuri na kuaga vizuri, usitegemee tena kesi ya kulazimishwa kuacha. Atakayekusikiliza ataona mtu aliyepata kazi nyingine akahama.

Ukiniuliza mimi, ningechagua amani. Si kwa sababu huna hoja, bali kwa sababu ya hilo la malipo. Bosi mfokaji unaweza kumzoea au akahamishwa, na hapo mume wako ana lake la kweli. Bosi anayekutaka upitishe fedha bila karatasi hazoeleki, na kadiri unavyokaa ndivyo saini zinavyoongezeka. Mumeo anapima miaka saba na mkataba wa kudumu, na ni haki yake kupima, watoto ni wenu wote. Mweleze hilo la vocha waziwazi. Nadhani bado hujamweleza.

Ila kazi mpya nayo usiipokee kwa pupa ya kukimbia. Mtu anayekimbia bosi hasomi mkataba. Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui: katika miezi sita ya mwanzo kwa mwajiri mpya, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Unatoka kwenye miaka saba ya ulinzi unaingia kwenye miezi sita ya kuwa mpole. La pili, mkataba wa muda maalum hukoma wenyewe tarehe ikifika, bila mtu kukuachisha. Kama kuna matumaini ya kuongezewa, yawe kwenye maandishi. Mkataba pia uwe na kipengele cha notisi kwa pande zote mbili, maana bila hicho kuuvunja katikati kunaweza kukugharimu wewe pia. Na uliza, kwa adabu lakini uulize: aliyekalia kiti hiki kabla yangu yuko wapi? Kama ndani ya miaka mitatu wamepita wahasibu wanne, unahama moto kwenda kwenye jiko. Omba kuonana na atakayekuwa bosi wako, si afisa wa kuajiri peke yake. Angalia anavyozungumza na mhudumu anayeleta chai. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nikimalizia usaili wangu.

Mkopo nao unasemesha. Umebakiza miezi kumi na minne, mkataba mpya ni wa miezi kumi na miwili. Zungumza na SACCOS kabla, si baada ya mshahara kusimama: kama ni ya wafanyakazi wa kampuni hiyo, uliza uanachama wako unakuwaje ukihama, salio linadaiwa lote kwa mkupuo au utaendelea kurejesha kupitia benki. Hisa na akiba zako zinaweza kupunguza salio. Chochote utakachofanya, usizibe pengo kwa wale wakopeshaji wa kausha damu.

Kuna njia ya tatu ambayo wafanyakazi hawaifikirii: kuachana kwa makubaliano. Kanuni zinaruhusu. Kama umeandika lalamiko na kampuni inaona hilo lisifike mbali, wanaweza kukubali kukulipa kitu uondoke kwa heshima. Si lazima wakubali, na ukiwa tayari umesema una kazi kwingine nguvu yako imepungua. Wakikuletea karatasi ya kusaini kwamba umelipwa stahiki zote na huna dai lolote, usiisaini siku hiyo hiyo. Nenda nayo nyumbani.

Sasa afya, na hapa naomba usinichukulie kama mshauri wa kazi bali kama mtu mzima anayekujali. Usingizi ukikosekana kwa zaidi ya wiki mbili, muone daktari ana kwa ana. Wako umeshapita hapo. Apime presha, aangalie na hilo tumbo, kwa sababu si kila maumivu ni ya bosi. Vidonda vya tumbo navyo vipo. Usinunue dawa za usingizi dukani bila cheti, zina mazoea mabaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu unaotokana na msongo sugu wa kazi kuwa hali inayohusiana na kazi, si ugonjwa wenyewe, lakini sonona na wasiwasi uliopitiliza ni magonjwa na vinatibika. Ukijikuta huoni maana ya kuamka, unalia bila sababu, unakunywa ili ulale, au wazo la kufa linakupitia, usisubiri mkataba wala notisi: siku hiyo hiyo mwambie mtu wa karibu na uende hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa nayo itakupokea. Daktari akiona upumzike, likizo ya ugonjwa ipo kisheria, hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kuitumia unapoumwa kweli si kutoroka.

Na kwa wengine watakaosoma: kama bosi anachotaka ni mwili wako, ushauri wa kuzungumza naye faraghani hapo juu haukuhusu. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni jinai, na mahali pake ni TAKUKURU au dawati la jinsia la polisi.

Wewe mama, kesho asubuhi waandikie hao wa kampuni mpya kwamba nia unayo na unaomba rasimu ya mkataba na kuonana na mkuu wako mtarajiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Tarehe ya kuanza iwe si chini ya siku 28 baada ya kusaini, na kama mkataba wako wa sasa unataka notisi ndefu zaidi, fuata huo. Wakikataa kukupa rasimu usome, hilo nalo ni jibu. Wakikupa, mwanasheria wa masuala ya kazi aipitie. Barua ya notisi kwa mwajiri wa sasa iandike baada ya saini zote mbili kuwepo kwenye mkataba mpya, si siku moja kabla.